Venice ya AMD: Viini 256 Ndani ya Prosesa Moja!

Jamani, viini 256! Si kabati zima la seva, ni prosesa moja tu. Hiyo ndiyo Venice, kizazi kijacho cha prosesa za seva za EPYC kilichojengwa juu ya usanifu wa Zen 6, ambacho AMD imekiahidi kwa mwaka 2026. Mwaka 2017 EPYC ya kwanza, Naples, ilipokuja na viini 32, tuliona ni maajabu. Turin ya 2024 ikafika 192. Sasa hii!

Lakini kilichonipagawisha hasa ni kumbukumbu. Data itapita kati yake na prosesa kwa kasi ya terabaiti 1.6 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya Turin. Wapishi 256 kwenye pilau ya harusi wana faida gani ikiwa maji yanaletwa kwa ndoo moja? Kwa miaka mingi watengenezaji wameongeza viini huku vikikaa kusubiri data. Safari hii AMD imeongeza vyote viwili kwa pamoja, na hapo ndipo ninapoiona akili ya wasanifu wake. Yenyewe inataja ongezeko la uwezo wa hadi 70%, na kwa njia pana namna hii, naliamini.

Halafu kuna transista zenyewe. Tangu Intel ianze kuuza chipu za FinFET mwaka 2012, lango linalofungulia na kuzuia umeme limekuwa likiikumbatia njia yake pande tatu tu. Upande wa chini umeme ukapata pa kuvujia. Katika teknolojia ya nanomita 2 ya kampuni ya TSMC, inayotumika kutengeneza Venice, njia hiyo imekuwa karatasi nyembamba ajabu zilizopangwa juu kwa juu, na lango linazizunguka pande zote nne. TSMC inaahidi kwamba kwa kasi ileile, umeme unaotumika utapungua kwa 25 hadi 30% ukilinganisha na nanomita 3. Anayelipa bili ya umeme wa kituo cha data anaelewa uzito wa maneno hayo! Na si michoro ya karatasini: Aprili 2025 AMD ilitangaza kuwa silikoni ya Venice imeshatoka kiwandani Taiwan na kuwashwa.

Kama wewe ndiye unayepanga ununuzi wa seva, na zilizopo bado zinahimili kazi, usisaini oda sasa. Isubiri Venice.