Kuanza na Upepo

Dada yangu huwasomesha wanawe wawili nyumbani kwao, Minnesota. Mkubwa ana miaka 13, mdogo 11, na meza ya chakula ndiyo dawati. Nilipowatembelea wakati wa theluji niliketi pembeni siku ya somo la historia, na tangu hapo namheshimu kama mwalimu.

Kitabu chao kinaingia Afrika Mashariki pamoja na Vasco da Gama, mwaka 1498. Dada alikifunga. Akatandaza ramani yenye Bahari ya Hindi katikati, akaweka juu yake punje chache za mchele, akawaambia watoto wapulize. Kaskazi ikianza kuvuma, Desemba hivi, majahazi yalikuwa yakishuka kutoka Arabuni na India hadi mwambao wetu. Kusi ikishika, yalirudi. Kabla sultani yeyote hajatajwa, watoto walishaelewa kwa nini mfanyabiashara alikaa miezi ugenini, akajifunza lugha, pengine akaoa.

Watoto wa umri huo huchoshwa upesi na orodha ya wafalme, lakini "kwa nini" hawaishiwi nayo. Tena kuna mtego ambao nimeona walimu wengi wenye nia njema wakiuingia: wanaisifu Afrika mpaka mtoto anatoka na fahari tupu. Dada aliwasimulia Husuni Kubwa ya Kilwa, jumba la mawe ya matumbawe lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Macho yakawang'aa. Akauliza: dhahabu iliyolipia haya ilitoka wapi? Wakaifuata kwenye ramani hadi Sofala, kisha bara, nyanda za juu za Zimbabwe. Na aliyeichimba alilala nyumba gani? Swali hilo akaliacha mezani. Kimya kilikuwa kirefu, nami nilitamani kusema neno, yeye akavumilia. Naamini kuvumilia kule ndiko kazi yenyewe.

Mwishoni aliwasomea safari ya Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, kisha akapanda chombo hadi Dhofar, Arabuni. Mdogo akawa anahesabu miezi kwa vidole.

"Mama, basi aliondoka na kusi!"

Dada akamsogezea ramani na punje moja ya mchele. "Nionyeshe."

Mtoto akainama chini ya Kilwa, akavuta pumzi, akapuliza.