Nembo ya Mnyama na Hukumu ya Methali

Nembo ni ishara, na ishara haina maana nje ya jamii inayoisoma. Kwa kanuni hiyo yafaa kupimwa mchoro wa panda, nembo ya shirika la kuhifadhi wanyamapori la WWF tangu mwaka 1961. Gerald Watterson alichora michoro ya awali, naye Peter Scott akaikamilisha. Kielelezo chao kilikuwa Chi Chi, panda wa bustani ya wanyama ya London. Rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, zilipunguza gharama ya uchapaji. Ilitarajiwa kwamba mchoro huo ungevuka mipaka ya lugha zote.

Tarajio hilo ni nusu ya ukweli. Jicho la Mswahili humwona mnyama mpole, lakini sikio lake halisikii ngano yoyote. Neno lenyewe, panda, kwake ni kukwea au kutia mbegu ardhini. Nembo hiyo imezoeleka kwa kurudiwarudiwa, si kwa kurithiwa.

Chama cha kutetea wanyama wa kazi kule Lamu kingekabiliwa na tatizo la kinyume. Punda anajulikana mno, na methali imekwisha mhukumu: asante ya punda ni mateke. Mchoro wa punda aliyeinamisha kichwa huamsha huruma, na papo hapo huiamsha methali. Hivyo msanifu hana budi kuijibu. Na amchore punda pamoja na mkono unaomtwika mzigo, ili mtazamaji aulize ni yupi kati ya wawili hao asiye na shukrani.