Sanamu Tatu, Jina Hakuna

Kule Uingereza, vijiji vingi vina msalaba wa mawe nje ya kanisa, umechongwa majina ya vijana waliokufa Vita vya Kwanza vya Dunia. Uzito wake uko hapo tu: mtu ametajwa.

Sasa nenda Kenyatta Avenue, Nairobi, uziangalie sanamu tatu za shaba zilizowekwa 1928: askari wa KAR, mpagazi na mpiganaji Mwarabu. Kama kazi ya mikono, siibezi. Mpagazi hana bunduki lakini amesimama sawa na wenzake. Shida ni maandishi. Yanaahidi, hadi kwa Kiswahili, kwamba ukifa vitani wanao watakumbuka jina lako. Zunguka zote tatu, jina hata moja hulipati. Mwaka wa 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa Waafrika wengi hawakuandikwa popote.

Huku kwetu Isiolo, wakoloni waliwapa makao Wasomali waliowapigania. Wazee wao bado hukutajia babu kwa babu, bila jiwe wala shaba. Kwangu mimi, huo ndio ukumbusho uliokamilika. Ule wa Nairobi ni ahadi nzuri iliyoachiwa watu wengine waitimize.