Tunu na Jongoo wa Bamburi: Uongozi katika Kigogo

Mwulize mtahiniwa kwa nini Tunu ni kiongozi bora katika Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyotahiniwa KCSE kabla ya Bembea ya Maisha. Atakujibu: ni jasiri, ni mzalendo, ni msomi. Jibu hilo litapata alama, lakini halielezi uongozi. Sudi pia ni jasiri na Ashua pia ni msomi. Tunu amewazidi nini?

Kabla ya kujibu, twende Bamburi, huku kwetu Kisauni. Kampuni ya saruji ilikuwa imechimba mawe ya matumbawe hadi pakabaki uwanda mtupu, usio na udongo, wenye maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller alianza kazi ya kuurudishia uhai. Alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu ndizo zilizoshika, mojawapo mvinje. Mivinje ikakua, lakini majani yake membamba yakarundikana chini bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Wengi wangeagiza mbolea na malori ya udongo. Haller alimwona jongoo akiyala majani hayo, akaagiza jongoo wakusanywe na kumwagwa humo kwa mamia. Kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na pale machimboni pakaota msitu ambao umma ulianza kuutembelea mwaka 1984.

Sasa turejee Sagamoyo. Majoka anazo nyenzo zote za utawala wa kawaida: mshauri, polisi, vyombo vya habari, sherehe, amri ya kulifunga soko la Chapakazi. Kila tatizo linapozuka, yeye huongeza kipimo cha dawa ile ile. Tunu hana hata moja kati ya nyenzo hizo. Afanyalo ni kwenda Mangweni, kwa Mamapima, kuwaalika walevi mkutanoni. Ngurumo anamkejeli. Mwanaharakati mwingine angewapita watu hao kwa dharau, awahesabu kuwa wamekwisha kununuliwa. Tunu anaona kwamba bila wao hapana umma. Hao ndio jongoo wa Sagamoyo. Mwishoni mkutano wa Majoka unakosa watu, umati unafurika langoni mwa soko, na Mamapima mwenyewe anaomba msamaha. Hoja yangu basi ni hii: ubora wa Tunu umo katika kuwaona wenye faida pale ambapo wengine waliona takataka. Ujasiri ulimsaidia tu kufika huko.

Hata hivyo, tusiisifu tamthilia kupita kiasi. Kingi anapokataa kuwafyatulia raia risasi tunafurahi, ila mtunzi hakutuandaa vya kutosha kwa mgeuko huo. Tena pazia linafungwa pale kazi inapoanza. Soko lilifungwa kwa kisingizio cha uchafu, na uchafu wenyewe ulikuwepo. Nani atazoa taka baada ya nyimbo za ushindi? Msitu wa Bamburi ulichukua miaka. Sagamoyo inabadilika kwa siku moja.

Mwalimu mwenzangu, mtahiniwa akiandika "Tunu ni jasiri", usiharakishe kuweka alama ya vyema. Mwulize: alifanya nini ambacho kiongozi mwingine hangekifanya? Nawe mtahiniwa, taja tendo kabla ya sifa, kisha uonyeshe tendo hilo lilibadilisha nini. Vitabu teule hubadilika. Swali hilo litakufaa katika kila kitabu, na hata siku utakapopiga kura.