Farasi, Ngome na Jua Moja

Kijana wa Sondu anayechora kwa penseli farasi akikimbilia ngome yenye minara anachora vitu viwili ambavyo havipo karibu naye. Farasi ni adimu kandokando ya Ziwa Viktoria. Mbung'o na maradhi wanayosambaza, hasa pande kama Bonde la Lambwe, waliufanya ufugaji wake kuwa mgumu, na kazi ya kubeba ikabaki kwa punda. Ngome za minara mirefu nazo ni za Ulaya, na hapa hufika kupitia filamu, vitabu na skrini za simu. Wengi wakiona mchoro wa namna hiyo haushawishi, hulaumu ugeni wa vitu vyenyewe. Nadhani lawama hiyo imekosea mlengwa. Ugeni hauharibu mandhari ya njozi, kwa kuwa njozi huishi kwa ugeni. Kinachoiharibu ni mwanga usioelewana: ngome imechukuliwa kwenye picha moja, farasi kwenye nyingine, na kila kimoja kimekuja na jua lake.

Vipimo vya jua lenyewe vinaonyesha tofauti hiyo. Sondu iko kusini mwa ikweta kwa chini ya nusu nyuzi. Adhuhuri ya Machi au Septemba jua huwa karibu utosini, na ukuta wa mita 3 hauna kivuli cha kuchora. Hata mwishoni mwa Juni, jua linapokuwa limeelemea kaskazini kabisa, kivuli cha ukuta huo saa sita na nusu mchana hakizidi sana mita moja na robo. Mjini London, adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba, ukuta wa kimo hicho hicho hutupa kivuli cha takriban mita 11. Kwa hiyo picha nyingi za ngome tunazonakili zimebeba jua la kaskazini, lililolala chini na kunyoosha vivuli mchana kutwa. Mchoraji akikipachika kivuli hicho nyuma ya farasi aliyeangazwa kutoka utosini, mtazamaji huhisi kasoro hata kama hawezi kuitaja. Dawa yake ni kuamua saa kabla ya kugusa karatasi. Kanda ya ziwa, majira ya Machi na Septemba, jua huwa nyuzi 30 juu ya upeo mnamo saa mbili na nusu asubuhi, na kivuli huzidi kimo cha kitu kwa karibu robo tatu yake. Saa moja baadaye jua hufika nyuzi 45, kivuli kikalingana na kimo. Saa ikishaamuliwa, urefu wa kila kivuli kwenye ukurasa unaweza kuhesabiwa.

Farasi ndiye anayefaidi hesabu hiyo kuliko vyote, kwani kivuli ndicho kinachomweka ardhini. Kwato inayokanyaga hugusana na kivuli chake. Kwato iliyoinuliwa huachana nacho, na pengo kati yavyo humwambia mtazamaji mguu uko juu kiasi gani. Wachoraji wa Ulaya wenyewe walikosea mbio za farasi kwa muda mrefu. Théodore Géricault, katika mchoro wake wa mashindano ya Epsom wa mwaka 1821, aliwachora farasi wakielea hewani huku miguu ya mbele na ya nyuma imenyooshwa kabisa. Mwaka 1878 picha za Eadweard Muybridge huko California zilionyesha kwamba farasi anayekimbia huiacha ardhi miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Ni katika mkao huo kivuli chake hutengana naye kabisa. Viungo vyenyewe havihitaji farasi ili kujifunzwa, maana punda wa sokoni anavyo. Kile kinachodhaniwa kuwa goti la nyuma lililopinda kinyume ni kisigino, kwa punda sawa na kwa farasi. Kilichobaki ni tofauti za umbo: farasi ana masikio mafupi, shingo nene zaidi, mkia wenye singa tangu shinani na kwato pana.

Kuhusu ngome, Nyanza ina mfano wake. Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, iliyoingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ni boma la kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji tangu karne ya 16 hivi. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5. Mawe ya uso wa nje na wa ndani yamejengwa kwa kushikana, na katikati kukajazwa mawe madogo. Kwa mwenye penseli, ukuta wa namna hiyo ni zawadi. Kwa kuwa hakuna saruji, kila kiungo ni ufa wenye giza, na jua la pembeni huuchora ukuta wote kwa vivuli vidogo. Kosa la kawaida ni kuzungushia kila jiwe mstari. Inatosha kuzikoleza nyufa za mahali mwanga na kivuli vinapokutana, na kuacha mawe yanayotazama jua yawe karatasi tupu. Vipimo navyo vinaleta kisa. Farasi wa kupandwa hufikia takriban mita 1.5 mabegani, ilhali milango ya Thimlich Ohinga imejengwa midogo ili anayeingia ainame. Mpanda farasi atakayefika hapo lazima ashuke, na hapo mchoraji amepata tukio ambalo lango refu la kasri la filamu haliwezi kumpa.

Yupo atakayesema penseli ni chombo dhaifu kwa mandhari makubwa kama hayo. Albrecht Dürer alimjibu mwaka 1513 kwa mchoro wa kuchonga wa shujaa juu ya farasi, akifuatwa na Mauti na Shetani: hauna rangi, una mistari tu, na ngome ameiweka mbali juu, ndogo, ili uzito wote ubaki kwa farasi. Penseli ina ngazi za kutosha kwa kazi hiyo tangu Nicolas-Jacques Conté alipogundua, mwaka 1795, namna ya kuchanganya grafiti na udongo ili ugumu wake upimwe. Safu ya milima ya Nandi inayofifia ng'ambo ya uwanda wa Kano huchorwa kwa 2H, ukuta kwa HB, na tumbo la farasi aliye karibu kwa 4B. Tumbo hilo lisizimwe likawa jeusi tii, kwa sababu ardhi iliyopigwa na jua hulirudishia mwanga kidogo kutoka chini.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba njozi ni uhuru, na anayepima vivuli anaifunga kamba. Kisa cha Luanda Magere, shujaa wa Kano, kinaonyesha kinyume. Mwili wake ulikuwa jiwe na uhai wake ulikaa kivulini. Hilo ndilo jambo moja lisilowezekana. Mengine yote ni ya kawaida: anaugua, mke anakichanja kivuli chake ili kumtia dawa, damu inatoka humo, siri inafika kwa maadui, na mkuki unafuata. Kama mkuki ungeweza pia kumwua kwa kumchoma kifuani, kisa kingekufa kabla yake. Wasimulizi walijua kwamba mwujiza unahitaji kanuni, na kwamba kanuni ikivunjwa msikilizaji huacha kuamini. Mchoraji naye ana haki ya kumpa farasi mabawa au kuijenga ngome juu ya mawingu. Hana haki ya kuweka jua kushoto kwa farasi na kulia kwa ngome, isipokuwa ulimwengu wake una majua mawili, na hapo kila kitu lazima kiwe na vivuli viwili.

Hivyo ushauri wangu kwa anayeanza ni wa mpangilio wa kazi. Weka alama ya jua pembezoni mwa karatasi, chora vivuli vinavyoanguka kabla ya manyoya na matofali, kisha jiulize kama mandhari yanasomeka. Yakisomeka kwa vivuli pekee, nakshi zitakazofuata zitayapamba. Yasiposomeka, hakuna mnara wala singa itakayoyaokoa.