Wengine ni Nani? Ubora na Kasoro za Filamu «Les Autres»

Filamu za mizuka ni nyingi, na nyingi kati yake huisha nguvu mara tu mtazamaji anapotoka ukumbini. Filamu ya Alejandro Amenábar, mwongozaji wa Hispania, iliyotolewa mwaka 2001 kwa jina la The Others na ijulikanayo kwa Kifaransa kama Les Autres, si ya kundi hilo. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba taharuki yake imejengwa kwa ustadi mkubwa, lakini pia kwamba juhudi ya kuilinda siri yake imewapunja baadhi ya wahusika. Kwa kuwa uhakiki huu hauna budi kuufichua mwisho wa kisa, msomaji ambaye bado hajaitazama filamu na atahadhari.

Kisa kinatokea mwaka 1945 katika Jersey, kisiwa kilichokaliwa na majeshi ya Ujerumani tangu 1940 hadi 1945. Grace, anayeigizwa na Nicole Kidman, anaishi na watoto wake wawili, Anne na Nicholas, katika nyumba kubwa iliyozungukwa na ukungu. Mumewe, Charles, alikwenda vitani na hajarudi. Watoto wana ugonjwa usiostahimili mwanga. Kwa hiyo mapazia hufungwa mchana kutwa, na hakuna mlango unaofunguliwa kabla ule uliotangulia haujafungwa kwa ufunguo. Wanafika watumishi watatu: Bi. Mills, mzee Tuttle na Lydia, msichana bubu. Muda si muda Anne anadai kumwona mtoto aitwaye Victor, nyayo zinasikika vyumbani, na kinanda kinapigwa pasipo mpigaji. Mwishoni tunatambua kwamba Grace aliwaua wanawe kwa mto, kisha akajiua kwa bunduki. Kwamba watumishi walikufa kwa kifua kikuu mwaka 1891. Na kwamba wale waliokuwa wakiogopwa ni familia hai iliyohamia humo.

Tuanze na fani. Katika hadithi nyingi za kutisha, giza ni hatari na mwanga ni kimbilio. Amenábar ameigeuza kanuni hiyo: hapa mwanga ndio unaoua, na giza ndilo linalohifadhi. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji hana pa kukimbilia. Asubuhi moja mapazia yote yanapokutwa yameondolewa, kinachotutia hofu ni jua lenyewe. Hakuna madimbwi ya damu wala vinyago vya kuogofya. Mwongozaji, ambaye ndiye pia aliyetunga muziki wa filamu, anauacha ukimya ufanye kazi, hata mlio wa ufunguo mmoja ukatosha kutushtua.

Ubora wa pili ni uaminifu wa usimulizi. Dalili zote zimewekwa mbele yetu. Watumishi wanafika ilhali barua ya kuwatafuta haijachukuliwa na mtu wa posta. Anne anataja tena na tena siku ile mama yake aliposhikwa na wazimu. Mtunzi hakutudanganya. Sisi wenyewe tulidhani kwamba anayesema «mimi» lazima awe hai.

Hapo ndipo lugha yetu inapoweza kuitumikia filamu hii vizuri kuliko nyingine. Mzuka, kutokana na kitenzi kuzuka, ni kitu kinachotokea ghafla. Neno hilo ni la yule anayeona na kushtuka. Mzimu ni neno la ukoo na mahali: ni roho ya marehemu mwenye wake na mwenye kwao. Filamu inaanza na mizuka na kuisha na mizimu, yaani wenye nyumba wanaokataa kuondoka. Na katikati ya maneno hayo mawili limesimama wazimu, lenye shina moja na mzimu, ambalo ndilo siri ya Grace. Kadhalika kichwa cha filamu: «watu wengine» kwa Kiswahili ni watu wasio sisi, lakini pia ni baadhi ya watu, nasi tukiwa miongoni mwao. Maana hizo mbili ndizo zinazobadilishana nafasi katika kisa hiki.

Hata hivyo, kasoro zipo. Ya kwanza ni ukimya wa watumishi. Bi. Mills anajua yote tangu mwanzo, lakini anasema kwa mafumbo, na mzee Tuttle anafunika makaburi kwa majani. Sababu inayotolewa, kwamba Grace hajawa tayari kuupokea ukweli, inakubalika mara ya kwanza. Ikirudiwa, tunaanza kumsikia mtunzi akisema kwa kinywa cha mhusika.

Ya pili ni Charles. Anatokea ukunguni, anakaa muda mfupi, kisha anaondoka. Huzuni yake inagusa, lakini ujio wake haugeuzi mkondo wa matukio. Ya tatu ni vita. Miaka mitano ya kukaliwa na adui, katika nyumba ya mama aliyebaki peke yake, ingeweza kutufafanulia jinsi alivyofikia kukata tamaa. Badala yake vita vimebaki mandhari tu.

Kasoro hizi zina chanzo kimoja. Mama kuwaua wanawe ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki, nalo limepewa dakika chache za ungamo baada ya saa nzima na zaidi ya kufichwa. Wapo watakaosema kwamba ufupi huo ndio nguvu yake. Tunakubali kuwa ungamo lenyewe linachoma moyo. Lakini msiba unaotumiwa kama jibu la kitendawili haujapewa haki yake: mtazamaji anashangaa kwanza, na akiisha kushangaa, filamu nayo imekwisha.

Mwaka 2002 filamu hii ilipata tuzo ya Goya ya filamu bora nchini Hispania, ingawa mazungumzo yake si ya Kihispania. Tunawashauri wanafunzi wa fasihi waitazame mara mbili. Mara ya kwanza watajifunza jinsi taharuki inavyosukwa. Mara ya pili, hofu ikiwa imekwisha, wamwangalie Grace anavyowafungia watoto milango, na wajiulize anawakinga na nani.