Lori Moja Halifanyi Kiwanda

Mwaka 1985, serikali ilipoanzisha rasmi Shirika la Nyumbu pale Kibaha, mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari. Niliwaeleza wanafunzi kwa fahari kwamba wazo la Mwalimu Nyerere limezaa matunda, na jeshi letu limeunda lori lake lenyewe, likapewa jina la mnyama wa mbugani. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, linauzwa wapi?" Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, kisha nikageukia ubao.

Leo nimestaafu, na swali lile bado linanidai.

Nisieleweke vibaya. Siwabezi mafundi wa Kibaha. Walifanya kazi katika miaka migumu: vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mwaka 1986 tukayapokea masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kuunda lori katika hali ile kulikuwa ushujaa. Ninachokosoa ni mazoea ya serikali kulishangilia lori la kwanza na kulisahau la mia. Kiwanda hakilelewi na hotuba, wala na maonyesho ya Sabasaba. Kinalelewa na mnunuzi. Na mnunuzi wa kwanza wa zana za jeshi ni serikali yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba magari ya ng'ambo ni bora zaidi. Ni kweli. Lakini lori la kwanza humfundisha fundi kuunda, na la mia humfundisha kuunda bila kasoro na kwa gharama ndogo. Asiyenunuliwa kitu chake atajifunzia wapi?

Nami nisiwe nyani asiyeona kundule. Nilipokuwa mkuu wa shule, karakana yetu ilikosa jiliwa na tupa. Badala ya kupiga kelele wilayani, niliigeuza ghala la mahindi. Kijana hodari wa hesabu nilimshauri akatafute kazi ya benki, nikajiona nimemfadhili. Mafundi wa Nyumbu tulitaka watoke wapi, kama sisi walimu tuliwafungia mlango?

Yule kijana alistahili jibu. Leo ningemwambia: mwanangu, litauzwa siku ile serikali itakapokubali kuwa ya kwanza kulinunua.